Natazama Tu, Ami

Mapenzi ya watu yangekuwa yanalipa kodi ya nyumba, saa hizi ningekuwa na ghorofa Nyali. Sijui duka linalopendwa kama hili langu la vitabu vya mitumba, nyuma ya Mwembe Tayari hapa Mombasa. Apitaye husimama mlangoni, hufumba macho, huvuta pumzi mpaka mabega yakapanda, kisha husema, "Aah, harufu ya vitabu!" Harufu hiyo ni ukungu. Hewa ya mji huu ni maji na chumvi. Kitabu kikipitiwa na masika kikiwa rafuni, kurasa zinanata na jalada linaota madoa. Kinachoponea ukungu huliwa na mchwa, ambao ndio wasomaji pekee ninaowajua wanaomaliza kila wanachokianza. Nikimweleza mgeni haya hutabasamu, huvuta pumzi nyingine ya kuagia, na kwenda zake. Nimewaza kuiuza hiyo harufu, ila sijui niipime kwa kilo au kwa lita.

Wanaoingia ndani nao wana dua yao: "Natazama tu, ami." Haya, tazama. Kuna anayetazama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akanipangia rafu upya kwa akili yake, akanikemea kwa vumbi, akapokea simu huku ameegemea kamusi, halafu akauliza choo kiko wapi. Akikipata kitabu anachokipenda hukigeuza juu chini kama anayenunua samaki. "Hiki si kimeshasomwa? Mbona ghali?" Utadhani msomaji wa kwanza aliondoka na maneno ya katikati. Mtu huyohuyo ukimkuta Kongowea anachagua shati la mitumba, haulizi limelowa jasho la nani. Uchumi mgumu anaukumbuka akifika kwangu, mbele ya kitabu cha shilingi 150.

Benchi nililoweka nje kwa ajili ya wateja, wazee walilitwaa siku hiyohiyo lilipotoka kwa fundi. Muuza kahawa akaona hapo ndipo kituo chake, akaja na mabirika na kashata, na sasa ni baraza kamili, lina hata watu wanaoitwa ndani yake kusuluhishwa ndoa. Mzee mmoja alikuwa karani bandarini. Wa pili alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Wa tatu kazi yake haijulikani na hatuthubutu kumuuliza. Ugomvi wao wa kudumu ni nani mpelelezi bora wa Kiswahili. Karani yuko na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha mwaka 1960, mwenye kiko chake mdomoni. Yule wa tatu yuko na Willy Gamba wa Elvis Musiba, wa *Kufa na Kupona*, 1974. Mmoja anafikiri, mwingine anafyatua risasi, na hakuna suluhu hapo katikati.

Ningewaacha wagombane milele kama wasingekuwa wananiharibia biashara. Kijana akichukua riwaya ya upelelezi akatoka nayo mlangoni apate mwanga wa kuitazama vizuri, kabla hajatia mkono mfukoni benchi zima linamgeukia. "Ahaa, hicho! Muuaji hutamdhania kabisa, ni yule..." Na wanamtaja, kwa jina, pamoja na silaha. Kijana anarudi ndani, anakirudisha rafuni kwa adabu, "ahsante ami." Nilipolalamika, karani alinitazama kwa huruma. "Tunamsaidia mtoto wa watu asipoteze pesa zake."

Mwalimu yeye ana penseli. Hawezi kukiona kitabu cha Kiswahili akakipita bila kukisahihisha; ngeli ikikosewa ukurasa wa kumi, yeye hapumui mpaka ameiwekea alama na maelezo pembeni. Ningemfukuza zamani, bahati yake ni kwamba wanafunzi wa kidato cha nne hawataki kitabu safi. Wanataka kilichokwaruzwa: hapa jazanda, hapa kinaya, hapa "swali hili lazima lije". *Chozi la Heri* ilipokuwa bado inatahiniwa, binti mmoja alishika nakala yake akaniuliza, "Aliyekuwa nacho alipata nini?" Nikamjibu A, bila kupepesa macho. Alilipa bila kuteta. Wenzake riwaya yenyewe hawakuigusa kabisa, walitaka mwongozo wake. Assumpta Matei aliumiza kichwa akaandika kitabu kizima, na mtoto akataka kijitabu chembamba cha kumwonyesha alie wapi.

Mwenye nyumba pia ni mpenzi wa vitabu, msiba mwingine huo. Kila mwisho wa mwezi huja kuchukua kodi, na akiondoka huondoka pia na James Hadley Chase, "nitakirudisha." Vyake vimeshajaa kabati. Anaamini Chase alizijua barabara zote za Miami. Nimejaribu kumwambia kuwa alikuwa Mwingereza aliyeitunga Marekani yake kwa ramani na kamusi za misimu, akaniambia nisimharibie. Kodi kapandisha. Nilipomtajia vitabu vyangu akasema hayo ni mambo mawili tofauti.

Lakini mwenye kunimaliza ni Profesa. Si profesa wa chuo chochote, ni jina la benchi. Husoma kwa awamu, kila alasiri sura moja, amesimama kona ileile, na kuweka alama hutumia kipande cha kalenda ya duka la dawa. Hajawahi kununua. Mwaka 2021 alikuwa katikati ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, nakala pekee niliyokuwa nayo, iliyokaa hapo miaka bila kutongozwa na mtu. Oktoba ikaingia, Gurnah akapewa Nobeli, na watu wa mji huu ambao hawakuwahi kumsikia wakaanza kumwita "wetu yule, wa Unguja". Walijaa mlangoni. Nikaiuza nakala ile kwa bei ambayo sitaitaja, maana mwenye nyumba anasoma safu hii. Alasiri Profesa akaja, akapapasa rafu, akanitazama. "Kitabu chetu kiko wapi?"

Chetu!

Akahamia benchini akanipa mgongo. Wazee walikaa wakanihukumu: muungwana hauzi kitabu ambacho mwenzake hajakimaliza. Mwaka uliofuata ilipotoka *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, nikamwambia Profesa haya sasa, nenda duka la vitabu vipya ukainunue, tena ni kwa lugha yetu. Akaniambia vitabu vipya havina raha, na huko madukani wana tabia mbaya ya kuuliza, "Nikusaidie?"

Mtaniuliza basi nakula wapi. Zamani nilikula Januari. Mzazi alikuja na kitabu cha mwaka jana, akaongeza kitu kidogo, akaondoka na cha darasa linalofuata, na cha kwake kikamngoja mtoto wa jirani. Foleni ilifika kwa muuza viazi karai. Kisha tangu 2018 serikali ikawa inapeleka vitabu vya kiada yenyewe mpaka shuleni, na mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ukaanza kuondolewa darasa kwa darasa kuupisha ule wa umilisi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulipofanywa 2023, rafu yangu nzima ya darasa la nane ikafa siku moja. Vitabu vizima kabisa, havina hata mchwa, na hakuna mtoto duniani anayevihitaji.

Aliyeniokoa ni muuza njugu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu hapo karatasi ina soko ambalo fasihi haijawahi kulipata. Huyu hatazami tu. Anaingia, anapima, analipa, anabeba. Hajali nani kaandika wala kimeshasomwa mara ngapi. Jioni nanunua njugu zake, nafungua pakiti, nakuta Juma amenunua maembe na kuwauzia wenzake kwa faida. Swali ninalo mimi, jibu liko kwenye pakiti ya mtu mwingine huko Buxton.

Wiki iliyopita ikaja gari nzuri, akateremka dada mmoja mwenye futi ya kupimia. Hoteli yao inapamba ukumbi. Anataka vitabu vya kahawia, mita nne, na vya kijani mita moja na nusu. Nikamuuliza vya nini, riwaya, historia, dini? "Vyovyote. Tutavigundisha pamoja, wageni wasivivute." Niliona mlango wa rehema. Nikamtolea yale mabuku yanayonijia katika makontena ya msaada kutoka ng'ambo, ya namna ya kupogoa mawaridi na kuitayarisha gari kwa theluji, ambayo hata muuza njugu huyakataa kwa kuwa karatasi yake inateleza. Dada akapima, akaandika, hakuteta hata senti. Benchi lilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu lianzishwe.

Zikabaki sentimita chache za kahawia. Dada akanyoosha mkono kwenye kona ya Profesa akachomoa buku moja lenye rangi ileile hasa, kipande cha kalenda kikidondoka. Karani akakohoa. Mwalimu akaondoa penseli sikioni. Nikaangalia noti, nikaangalia benchi, nikaangalia noti tena, nikamfungia mzigo wake kwa kamba na kumsindikiza mpaka garini.

Profesa alikuja alasiri, akapewa habari yote kabla hajaketi. Safari hii hakununa. Aliuliza jina la hoteli, akauliza gundi yenyewe hukauka baada ya muda gani, kisha akanyoosha kiganja mbele yangu: nimpe nauli ya matatu kwenda na kurudi, zimembakia sura mbili.