Alama Chini ya Nira

Paliondokea, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, huko jahazi zetu zilikokuwa zikipelekwa na kusi, Tembo mmoja tajiri wa sukari guru, ambaye kinu chake cha miwa kilizungushwa na maksai. Walivaa nira yake, wakalala zizini mwake, na kengele ya alfajiri iliyowaamsha ilikuwa yake pia.

Sheria ya nchi ile ilikuwa na huruma: aliyetimiza siku 240 za kazi ndani ya miezi 12 hafukuzwi hivi hivi, hupewa notisi ya mwezi au ujira wake, na fidia ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Tembo alipoipiga hesabu fidia hiyo, usingizi ukamruka. Akamwita Mbweha, akamwambia: "Tangu leo maksai hawa ni wako. Mimi nanunua mizunguko tu."

Basi kila maksai alipokaribia siku ya 240, Mbweha alimwambia, "Kapumzike, mzee wangu, urudi wiki ijayo," na akirudi hukuta jina lake limeandikwa upya daftarini, kana kwamba kazaliwa asubuhi ile. Mmoja wao, mzee aliyevunjika pembe ya kushoto, alikuwa na kibao shingoni kilichopakwa rangi juu ya rangi hata kikawa kizito. Chini ya jina la Mbweha wa mwaka huu lilichungulia la Mbweha wa mwaka jana, na chini yake la yule wa mwaka juzi. Mbweha walipokezana, naye akabaki palepale, katika njia ya duara iliyochimbwa na kwato zake mwenyewe.

Mwaka 1970 wazee wa nchi walitunga sheria kwamba dalali wa watendakazi 20 au zaidi awe na leseni. Tembo akaleta Mbweha wanne, kila mmoja na maksai 19. Baadaye sana sheria nyingine ikaifanya 20 kuwa 50.

Hata hivyo, mwaka 1978 hakimu mmoja wa baraza kuu, katika shauri la wasokota kamba, alikuwa ameamua kwamba pazia la makaratasi lifunuliwe, itazamwe ni nani aishikaye riziki ya mtendakazi. Lakini mwaka 2001 baraza lilelile likasema kuwa dalali akipigwa marufuku, maksai hawi wa Tembo papo hapo. Sharti aende baraza la kazi akathibitishe kwamba mkataba ule ulikuwa kiini macho. Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Athibitishe kwa kitu gani, maskini, ilhali daftari li mikononi mwa Mbweha, na Mbweha kesha badili jina?

Siku ya shauri yule mzee hakuwa na karatasi hata moja. Alileta nira aliyoivaa miaka 18, mti wake umelainika penye shingo kama jiwe la mtoni. Mbweha akasema, "Namjua tangu miezi mitatu." Tembo akasema, "Simjui kabisa." Kobe, hakimu wa baraza la kazi, akaigeuza nira polepole, akapapasa alama iliyochomwa kwa moto upande wa chini, masikio mawili mapana na mkonga, kisha akainua macho.

"Na hii je, Tembo, waijua?"