Tela la Shemeji

Shemeji yangu alishikilia kwamba safari ya Korogwe hadi Lushoto kwa baiskeli haiwezekani bila tela. Mimi nilikuwa na mashogi mawili ya turubai, yametundikwa kulia na kushoto kwa keria. Akayatazama, akasikitika.

"Shemeji, huo ni mzigo wa punda. Mzigo wa kisasa una gurudumu lake."

Kwa hesabu hakukosea. Tela la gurudumu moja hufungwa kwenye ekseli ya nyuma na kukaa chini karibu na lami, kwa hiyo halimwelemei mtu. Mashogi hulitwisha mzigo gurudumu lilelile ambalo tayari limembeba mwenye baiskeli. Na spoki zikianza kukatika, mara nyingi ni za upande wa friwili, maana ndizo zilizokazwa zaidi; kuzibadilisha, sharti friwili ing'oke. Yangu ilikatika kabla ya Mombo. Fundi aliing'oa friwili kwa nyundo na patasi, huku shemeji akimsimulia sifa za tela kana kwamba amekuja kuliposea.

Ila tela lina ugonjwa wake: halijui kukataa. Mimi nikitaka kuongeza sufuria, shogi halifungi, mjadala umekwisha. Lake lilibeba jiko, mkaa, kiti cha kukunja, ndoo, na pasi. Ndiyo, pasi, huenda tungealikwa harusini. Thomas Stevens, Mwingereza aliyeondoka San Francisco mwaka 1884 akaizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, alibeba soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema. Harusi za watu sijui alihudhuria vipi.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, kona juu ya kona. Watoto waliotoka shule walianza kwa kumsukuma shemeji, kazi nzuri kabisa. Kisha mmoja akaingia ndani ya tela. Akafuata mwenzake. Shemeji akahema, akalaani mlima, akasema hewa ya huku ni nyepesi mno. Hakugeuka nyuma. Mimi niliona yote, lakini shemeji ni mtu wa heshima. Humkatizi akiwa anaeleza.

Kuteremka ndiko kulikokuwa na mambo. Ukibana breki ghafla kwenye kona, baiskeli inatii, tela bado halijapata habari. Linakuja tu, linakusukuma kwa ubavu. Chini ya Soni lilimpeleka shemeji hadi katikati ya shamba la maharage, ndoo ikitangulia. Mwenye shamba alifika mbio, akampa pole, akaiokota pasi, akaigeuza huku na huku, akauliza bei. Shemeji, akiwa bado amelala chali, akaitaja. Wakapatana.

Mombo tulipata basi la kurudi. Mashogi yangu utingo aliyatupa kwenye buti bila swali. Kwenye tela akasimama, akalizunguka, akaligonga tairi kwa kiatu, akamwita konda. Konda akaamua: chenye gurudumu si mzigo, kilipe nauli.

"Tangu lini tela likalipa nauli?" shemeji akafoka.

"Basi mzee wangu," konda akajibu kwa upole, "liache lije lenyewe."