Mjomba, Nimechaguliwa Kuchagua Mvinyo

Mjomba, mbukwenyi na nyumba yote ya Hombolo. Sisi huku Nantes wazima, ila baridi bado haijaamua kama itatumaliza mwezi huu au mwezi ujao. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba mpwa wako amepanda cheo. Mkesha wa Krismasi nilikabidhiwa kazi ya kuchagua mvinyo mweupe wa mezani kwa familia ya Kifaransa. Mama mwenye nyumba wangu alisikia kuwa natoka kwa wakulima wa zabibu, akakata shauri papo hapo: yeye angeleta vyakula vya baharini, mimi nilete chupa.

Lakini cheo chenyewe alinipa kwa sababu nyingine pia. Wafaransa wakisikia Tanzania wanaiona Zanzibar tu. "Nyinyi watu wa pwani mnajua samaki," akaniambia. Nikamweleza kwamba kutoka Dodoma hadi baharini ni kutwa nzima ndani ya basi, na samaki niliyekua nikimjua ni perege wa Mtera, na dagaa waliokauka mpaka wakasahau kuwa waliwahi kuogelea. Akatabasamu kwa huruma, kama vile nina aibu ya kusema kwetu kuna matumbawe.

Basi nikaenda dukani. Mjomba, muuza mvinyo wa huku hakuulizi una shilingi ngapi. Anakuuliza utakula nini, nani atapika na kwa mchuzi gani. Nikasema chaza. Akauliza, "Nambari ngapi?" Kumbe chaza wa Ufaransa wana nambari, na nambari ikizidi kuwa kubwa, chaza anazidi kuwa mdogo: nambari 5 ni kidole, nambari 0 anajaza kiganja. Nikajibu nambari 3, kwa kuwa ndiyo niliyoiona imeandikwa sokoni Talensac kwenye makreti mengi. Akatikisa kichwa kwa heshima. Tangu hapo alinichukulia kuwa mtaalamu, nami sikumsumbua kwa ukweli.

Akanionyesha Chablis ya Burgundy. Mizabibu yake imeota juu ya udongo uliojaa visukuku vya chaza wadogo wa zama za kale, na bei inaonyesha kwamba chaza hao wanalipwa mpaka leo. Nikairudisha taratibu kwa mikono miwili. Ndipo akanipa Muscadet, mvinyo wa papa hapa Nantes, chini ya euro 10, na historia yake ungeipenda. Baridi kali ya mwaka 1709 iliangamiza mashamba ya zabibu ya eneo hili. Wakulima wakapanda upya, na mzabibu ulioshika ni ule uliotoka Burgundy, Melon de Bourgogne, kwa sababu unavumilia baridi. Mvinyo wake bora hauondolewi kwenye machicha ya hamira baada ya kuchacha. Unalazwa juu yake majira yote ya baridi, kisha unatiwa chupani moja kwa moja kutoka hapo. Ukiunywa unachoma ulimi kidogo, na uchachu wake unafanya kazi ya ndimu. Hiyo ndiyo siri yote ya shughuli hii, Mjomba: kitu chenye chumvi ya bahari kinataka mvinyo mkavu, mchachu na wa baridi, digrii 8 hadi 10 hivi. Ukiugandisha zaidi ya hapo unakunywa barafu yenye lebo.

Usiku ukafika. Chaza wakafunguliwa kwa kisu kifupi, wakapangwa juu ya barafu na siki yenye vitunguu, mkate mweusi na siagi ya chumvi. Mwambie Shangazi akae chini kabla hujamsomea hapa: wanaliwa wabichi, tena wakiwa hai. Ukimdondoshea ndimu anajikunja. Watu wote wakanitazama. Nikafumba macho, nikammeza. Mjomba, ni mlenda! Mlenda uliopikwa kwa maji ya bahari. Mtoto wa Kigogo aliyelelewa kwa ugali wa uwele hawezi kutishwa na kitu kinachoteleza. Nikala kumi na mbili, na mama mwenye nyumba akawageukia wageni: "Si niliwaambia? Mtu wa pwani."

Shemeji yake alikuja na chupa yake ya mvinyo mwekundu, akisema sheria za mvinyo ni za watu waoga. Akabugia chaza, akashushia fundo moja kubwa. Uso ukamkunjamana, akaweka bilauri chini, akauliza kama kisu kilikuwa na kutu. Kisu kilikuwa safi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi katika mvinyo mwekundu, ndiyo yanayoamsha shombo mdomoni ukila vitu vya baharini. Nilinyamaza. Mgeni hamwambii mwenyeji mambo ya kemia. Nilimsogezea Muscadet tu.

Mwana wa shemeji huyo yeye ni mjuzi wa kunusa. Alizungusha bilauri, akatia pua, akatangaza: "Nasikia mawe yaliyonyeshewa." Wote wakaguna kwa kukubali. Mimi nikashtuka. Kwetu mtu akisikia harufu hiyo anakimbilia nje na madebe.

Kwa samaki wa mchuzi wa siagi, ambao ni fahari ya Nantes, nilibeba chupa nyingine: Savennières, kutoka karibu na Angers, ukipanda mto huuhuu wa Loire. Mchuzi mzito unataka mvinyo wenye mwili kidogo. Na zabibu yake unaijua, Mjomba: ni Chenin, hiyohiyo unayoipigia dawa shambani kwako. Nikawaambia kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kimya! Yule mjuzi akaniuliza mizabibu yetu inalala saa ngapi. Nikamjibu kwamba mkulima mwenyewe halali, sembuse mzabibu.

Na usidhani huku wakulima wanacheka. Wa Muscadet nao wanalalamikia bei, na baridi ya kugandisha ikija Aprili wanalia kama wewe mvua ikikosea njia. Kwa hiyo akija mgeni kutoka huku, usihangaike kumtafutia chaza. Mkaangie perege wa Mtera, mkamulie ndimu, mpe Chenin isiyo na sukari iliyopoa vizuri. Akianza kuzungusha bilauri, mwache azunguke nayo.

Ile hela ya waya za shamba nitatuma mwisho wa mwezi. Wa mwezi gani, utategemea bei ya Savennières.

Mimi mpwa wako, mtu wa pwani.