Kambi ya Kazini Ng'ambo ya Kamanga: Tunahesabu Kuanzia Saba

Watu wa maofisini Mwanza, mkipanga kutoka pamoja wikiendi, msinipeleke hotelini. Nipelekeni Kamanga, upande wa Sengerema, na mahema mgongoni. Sababu zangu hizi, kuanzia ndogo.

7. Pantoni. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, pale Kigongo–Busisi, linakuvusha ghuba kwa dakika chache, nami nalishangilia. Ila darajani kila mtu hujifungia garini mwake. Kwenye pantoni ya Kamanga mnalipita Jiwe la Bismarck mmesimama wote, mkurugenzi kabanwa kati ya kreti za soda na mama mwenye jogoo. "Mwangaluka, bosi! Jogoo kapata siti, wewe je?"

6. Hema. Ardhi hii imekalia miamba. Kigingi kikigoma kuingia, funga kamba kwenye jiwe, yako tele. Afisa utumishi, weka kalamu chini: kigingi hakiandikiwi barua ya kujieleza.

5. Kiboko. Usiku hutoka majini kula nyasi, na hurudia njia zake zilezile. Ukiona uchochoro kwenye matete, usitandike hapo hata kama mandhari yanafaa picha. Kiboko hapiti mapokezi.

4. Kuoga ziwani. Hapa nakaza sauti. Konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani hutoa vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi isiyo na jeraha lolote, na jua la mchana ndilo huvichochea zaidi. Ndiyo saa ileile watu wa masoko huvua mashati! Jamani, rudini mchangani. Maji ya kuoga chemsheni. Aliyekwisha kuchovya mwili, baada ya wiki kadhaa aende kupima. Dawa ipo, prazikwanteli, na wala si ya kuogopa.

3. Taa za dagaa. Mwezi usipokuwepo, wavuvi huwasha taa na ziwa zima linakuwa mji wa pili. Mwezi ukijaa hupumzika, kwa kuwa taa haivuti dagaa tena. Chagueni wikiendi ya giza. Lakini giza hilohilo ndilo huleta mawingu ya vijidudu vya ziwani, navyo hupenda mwanga kupita kiasi. Kijana wa kompyuta, zima simu, unatulisha wadudu!

2. Sato. Mhasibu aende mwaloni kupatana bei, ni kipaji chake. Bosi apare magamba, kuanzia mkiani kwenda kichwani, asikimbilie. Chumvi, ndimu, kisha makaa yaliyotulia. Mwenye haraka akimweka sato kwenye ndimi za moto, atakula ngozi ya mkaa na nyama mbichi. Ugali asonge aliyejisifu zaidi kwenye pantoni. Asubuhi kuna michembe, viazi vitamu vya Kisukuma vilivyokatwa na kuanikwa, ikipikwa na karanga, na hakuna kifungua kinywa cha mjini ninachokipenda zaidi. Bosi akipara vizuri, msifieni kwa sauti. Mwaka mzima yeye ndiye hujaza fomu zenu za tathmini. Leo fomu mnayo ninyi.

1. Mlinzi. Ofisini tunampita getini kwa salamu ya haraka, na hilo linaniuma. Kambini yeye ndiye tegemeo. Juu ya Ziwa Victoria mvua kubwa hujijenga usiku: nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo za kutoka kingo zote hukutana ziwani na kupanda juu. Mlinzi aliyekulia kisiwani Ukerewe huusikia upepo ukigeuka kabla simu ya yeyote haijasema neno. Saa tisa usiku ataamsha kambi nzima, na hapo ndipo nataka kila mfanyakazi awepo, amwone akiongoza: "Mkurugenzi, shika kona ile! Afisa mipango, sufuria! Mhasibu, acha kuhesabu radi, vuta kamba!"