Namna ya Kuichafua Spitfire Ikachafuka Vizuri

Nunua kisanduku cha modeli chenye picha ya ndege ya kivita Spitfire ikipenya kwenye moshi na risasi. Ndani hutakuta moshi wala risasi. Utakuta fremu za plastiki ya kijivu, karatasi ya stika za maji na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mitatu. Chagua toleo la Mk IX, lile lililoruka juu ya Normandy mwezi Juni 1944. Sababu utaijutia tukifika kwenye rangi. Katika kipimo cha 1/72, mita 11.23 za kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa zinabaki sentimita 15 na nusu hivi, na rubani aliyekaa anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba chako.

Anza na chumba cha rubani, na usiwe na haraka. Paka kiti, mikanda, na kila saa ya dashibodi na mshale wake mweupe. Gombana na wenzako juu ya rangi ya kiti mpaka msalimiane kwa shida. Ukisharidhika, unganisha pande mbili za kiwiliwili, funika kwa kioo, kisha uage, maana hakuna kiumbe atakayeiona kazi hiyo tena. Kioo chenyewe usikibandike kwa supagluu, kwani mvuke wake utakiachia ukungu mweupe. Wazoefu hukichovya kwanza kwenye dawa ya maji ya kung'arishia sakafu, nacho hutoka kikimeremeta. Sakafu itavumilia.

Sasa piga msasa. Spitfire ilipokuwa bado inajaribiwa, wahandisi walitaka kujua kama kila riveti lazima ilazwe sawa na bati, kazi ya gharama, au nyingine zingeweza kuachwa na vichwa vya mviringo. Walibandika dengu zilizopasuliwa juu ya riveti, wakairusha ndege, wakawa wanazibandua safu kwa safu huku wakipima mwendo unaopotea. Kwa heshima ya dengu hizo, wewe utachukua sindano na kutoboa upya kila riveti ambayo wao walihangaika kuificha. Kisha utachimbua mistari ya maungio ya bati. Mfereji wa robo milimita kwenye modeli ni karibu sentimita 2 kwenye ndege halisi. Rubani angeweza kuingiza kidole. Ujaze rangi nyeusi ili uonekane vizuri zaidi.

Tumefika kwenye michirizi. Julai 1943, katika uvamizi wa Sicily, meli na mizinga ya Washirika iliangusha ndege 23 za uchukuzi za upande wao wenyewe. Mwaka uliofuata, ili aibu hiyo isijirudie katika uvamizi wa Normandy, ikaamriwa ndege zivishwe michirizi mitano kwenye mabawa na kuzunguka kiwiliwili: mitatu myeupe, miwili myeusi, kila mmoja sentimita 46 kwa ndege ya injini moja. Kwa kuwa siri ilitakiwa itunzwe, amri ilivifikia vikosi vya ndege za kivita saa chache tu kabla ya safari. Mafundi wakashika brashi, wengine wakashika mafagio, wakapaka usiku kucha.

Wewe hutashika ufagio. Utakata masking tepu kwa wembe mpya, upana wa milimita 6.35, upulize nyeupe, usubiri ikauke, upulize nyeusi, usubiri tena. Ukibandua tepu, michirizi itakuwa imenyooka kama rula, na hapo ndipo atatokea mjuzi mmoja na picha ya 1944 inayoonyesha michirizi iliyopindapinda, rangi imechuruzika. Basi rudi mezani na brashi nyembamba kuliko zote ulizonazo, uipinde kidogo kidogo, kwa utulivu mkubwa. Uharaka wa usiku mmoja unakula wiki tatu, na usipoangalia unakula nne.

Baada ya hapo ndipo kuichafua kwenyewe. Vikosi vingine viling'arisha ndege zao ziongeze mwendo kidogo, kwa sababu mwendo huo ndio uliomrudisha kijana nyumbani. Hilo lisikusumbue. Paka rangi ya fedha, pulizia dawa ya nywele, paka rangi ya juu, kisha isugue kwa brashi yenye maji mpaka ibanduke pale shina la bawa, mahali fundi alipokuwa akikanyaga. Chora masizi nyuma ya ekzosi sita za kila upande. Chini ya bawa acha moshi wa baruti nyuma ya matundu ya bunduki, lakini vile viraka vyekundu vilivyozibia matundu uvitoboe kwanza: bunduki haikufyatuliwa huku kiraka kikabaki kizima.

Usukani wa mkia usiuguse na rangi ya fedha, kwani ulivikwa kitambaa, na kitambaa hakibanduki kikaonyesha bati. Nimeona modeli moja ya ndege ya Mosquito imekwanguliwa vizuri ajabu, aluminiamu inang'aa kila kona. Mosquito ilijengwa kwa mbao.

Ukitaka kuwachokoza waamuzi wa mashindano, ning'iniza mapipa mawili ya bia chini ya mabawa. Watadhani unafanya mzaha. Watolee picha: baada ya uvamizi, Spitfire za Mk IX zilivusha bia kutoka Uingereza hadi kwa askari waliokuwa Normandy, na mapipa yalining'inia pale pale pa mabomu.

Mwisho iweke kwenye kabati la kioo na ufunge mlango vizuri. Ndani ya mwezi vumbi litaingia hata hivyo na kutua juu ya mabawa. Lifute mara moja kwa brashi laini, kabla wageni hawajafika. Vumbi la nyumbani haliko kwenye kipimo cha 1/72.