Bwana Verlassen na Mashamba Yake

Kwa wiki tatu nilimtafuta Bwana Verlassen. Nilimkuta kwenye ramani za Mjerumani, zile za Sprigade na Moisel zilizochorwa kwa kipimo cha 1:300,000 nchi hii ilipokuwa koloni lake, ambazo siku hizi unaweza kuzifungua kwenye simu ukiwa umejilaza kitandani. Kila nilipoisogeza Ugogo kwa kidole, jamaa yupo. Kando ya korongo, Verlassen. Chini ya kilima, Verlassen. Nikajiambia huyu alikuwa setla wa nguvu. Na mtu mwenye mashamba manne, vita ilipomfikia mwaka 1916, hakuondoka na kila kitu. Lazima kuna alichofukia.

Nikampigia simu mpwa wangu, anayesoma Kijerumani ili akafanye kazi ya uuguzi Ujerumani. Nilitaka kujua kama ukoo wa Verlassen bado upo, maana sipendi kesi.

Akanyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "verlassen siyo mtu. Maana yake pameachwa."

Yaani hame. Wiki tatu natafuta mahame, ramani inanionyesha mahame kwa maandishi, na mimi nayaita Bwana.

Mke wangu aliposikia, alicheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo, nikichelewa kurudi nyumbani, swali ni moja: "Ulikuwa kwa Bwana Verlassen?"

Chanzo cha yote ni mashine. Niliinunua kwa kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Geita akiwa amechoka na dhahabu, au dhahabu ikiwa imemchoka yeye. Wenyewe huiita ditekta: fimbo ndefu, sahani chini, spika za masikioni. Ukipita juu ya chuma inalia. Kijana aliniambia haijawahi kumdanganya. Sikujiuliza kwa nini basi anaiuza kwa bei ya baiskeli.

Hakuna aliyekulia nchi hii ambaye hajasikia habari za mali ya Mjerumani. Kila wilaya ina jiwe lenye alama, na kila alama ina mzee anayejua maana yake ila hasemi. Uvumi huu una mzizi wa kweli. Mwaka 1916, Mjerumani akiwa amezingirwa na bahari imefungwa, alipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke kule Iramba. Zilikuwa kama elfu kumi na sita. Alipiga pia heller za shaba nyekundu na njano, kwa wingi, na heller ndiyo iliyotuachia neno hela. Kwa hiyo mtu akikwambia hana hela, jua kwamba hata mimi sina, na nimezitafuta kwa mashine.

Juu ya mzizi huo ndipo walipoota matapeli. Baba yangu mdogo aliwahi kuitwa gesti usiku akaonyeshwa rupia kwenye leso. Akaambiwa zilizobaki zinalindwa na jini, na jini anataka mbuzi wawili na kuku mweusi. Alitoa. Rupia kulipokucha zilikuwa washa za trekta, zimesuguliwa kwa rangi ya viatu. Nasikitika kusema kwamba kuku ndiye aliyemuuma zaidi.

Mimi nilitaka kuwa mtafiti. Nilijua kwamba kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwamba magofu ya kale hayachimbwi na mtu mwenye ditekta na kiu. Kilwa na Kaole nikaziacha kwa wenye vibali. Nikaamua kutafuta miji ya juzijuzi, iliyoota, ikafa, ikasahaulika.

Safari ya kwanza nilikwenda kijiji kilichokuwa kwenye ramani ya Mjerumani lakini hakipo kwenye ramani yoyote ya leo. Mji uliopotea kabisa! Nilipofika nilikuta shule, zahanati, mashine ya kusaga na vijana wakibishana kuhusu Simba na Yanga. Mji haukupotea. Zamani wachora ramani waliandika jina la jumbe aliyewakaribisha. Jumbe akifa, kijiji kinachukua jina la mwingine, au la mti. Nilikunywa soda, nikarudi.

Safari ya pili niliamua iwe Kongwa. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni tatu, na makao makuu yakawa Kongwa. Reli ikavutwa kutoka Msagali. Yakaja matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa kazi. Mibuyu ikagoma, nyuki wakashambulia madereva, na udongo, mvua ilipokatika, ukawa sakafu. Mtu yeyote wa pale angewaambia kwamba karanga huzaa chini, na chini pakiwa saruji utavuna kwa sururu. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umeshakula pauni milioni 36 hivi. Kongwa yenyewe ilibaki, ikawa hata na kambi za wapigania uhuru wa kusini, na leo ni makao ya wilaya. Mimi nilizitaka kambi za pembeni, za vibarua na mafundi. Hela nyingi hivyo, nikawaza, haziwezi kuisha bila senti kudondoka.

Kwa mtendaji wa kijiji nilitoa barua yangu yenye kichwa "Utafiti wa Vyuma Vilivyosahaulika". Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Chuma chakavu?" Nikasema hapana. "Madini?" Hapana. Akanitazama kama mtu anayesubiri niseme Mjerumani ili aniite mgambo. Mwishowe akanipa ruhusa pamoja na kijana wa kunisindikiza, ambaye kazi yake, niligundua baadaye, ilikuwa kuhesabu nitakachookota.

Hame la Ugogo halina kuta za kukupungia mkono. Tembe ikiachwa, miti ya paa huliwa na mchwa, udongo hurudi kwa udongo, na mvua chache baadaye mbuzi wanalala juu yake. Lazima usome mimea. Minyaa iliyosimama mstari haikujipanga yenyewe. Huo ulikuwa ua. Mwarobaini ulio peke yake porini ulipandwa na mtu aliyetaka kivuli. Penye udongo mweusi na magugu yaliyonawiri kuliko majirani, palikuwa zizi. Haya yote niliyasoma vizuri. Kilichonishinda ni viatu.

Nilikuwa nimevaa buti za kazi, zile zenye chuma kwenye vidole, ili nyoka anione mtu wa maana. Nikawasha mashine. Ikalia. Nikachimba: hakuna. Nikasogea hatua, ikalia tena. Nikachimba. Saa nzima nilichimba mbele ya vidole vyangu mwenyewe, mashimo kumi na moja, kijana wa mtendaji akiandika kila moja. Watoto walikuwa wameshajaa. Mmoja akawaeleza wenzake kwamba lile ni fyekeo la umeme na limeharibika, maana majani hayakatiki.

Nilipovua buti, mashine ilinyamaza. Nikaendelea pekupeku kwenye miiba, kwa hadhi niliyokuwa nayo wakati huo. Na hapo ndipo ikalia kwa kweli: mlio mnene, mrefu, usiokatika. Nikachimba kwa mikono. Kikatoka kizibo cha chupa, boliti, kopo lenye kutu, kizibo, kitasa, kopo.

"Mbukwenyi!" Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake. "Mwanangu, umepoteza nini?"

"Shikamoo, babu. Sijapoteza. Natafuta."

"Unatafutaje usichokipoteza?"

Nikamweleza habari za mji uliosahaulika. Akasikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba marehemu baba yake alipika hapa, jiko la kambi lilikuwa pale penye mbuyu, magari yalioshwa kule, na hapa nilipopiga magoti palikuwa choo.

Nikainuka.

Kwake kulikuwa ng'ambo ya korongo, ndani ya minyaa. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ya mwanzoni mwa miaka ya sabini iliwahamisha kwa lori, vitu vingi vikabaki. Akaniomba nimpitishie mashine kwenye hame lake. Tukaenda. Karibu na mahali alipodai kulikuwa na kizingiti ikalia, nikatoa senti tano ya 1966, yenye samaki upande mmoja. Mzee akaipangusa kwa kidole, akaitazama pande zote mbili, akaitia mfukoni. Kijana wa mtendaji akaanza kuandika, mzee akamwangalia, akaacha.

Habari zilifika kijijini kabla yetu. Mama mmoja alikuwa amedondosha ufunguo wa ghala kwenye pumba. Bwana mmoja alitafuta nati ya plau tangu Jumatatu. Binti alikuwa na hereni. Mpaka jua linazama nilikuwa nimepata ufunguo, nati na kengele ya ng'ombe ambayo hakuna aliyekuwa ameiulizia. Hereni hatukuiona, na nashuku kuku.

Nililipwa sado moja ya karanga, za hapohapo Kongwa, zilizolimwa kwa jembe la mkono. Mke wangu alizikaanga kwa chumvi usiku uleule. Alikula konzi mbili kimya, akajifuta mikono kwenye khanga, akauliza kama Bwana Verlassen hajambo.