Limbwata la Madumu Mawili

Jana alasiri hapa Mandawa, kijana wa bodaboda kapita mbele ya kijiwe chetu cha mkorosho. Abiria hana. Nyuma kafunga kwa mpira madumu mawili ya maji, na juu yake fungu la kisamvu. Mkewe kajifungua, leo wiki ya tatu. Kijiwe kizima kikasonya: msyuuu! "Dogo kalishwa limbwata huyo," akasema jamaa wa kwenye bao, na watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

Na mimi nikasonya. Ila nilikuwa nawasonya wao, nikaanza kuwaambia.

Jamani, tangu hela ya ufuta iingie tumekaa hapa kutwa. Humu kijiweni wenye watoto wachanga ni wanne. Muulize mmoja, "Mkeo ananyonyesha, wewe unamsaidiaje?" Atakujibu, "Kwani mimi nina ziwa?" Haya, ziwa huna. Na mikono je?

Tupige hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kila mara weka nusu saa: mama kakaa saa 4 hadi 6 na mtoto kifuani. Sasa ndoo nani anajitwisha? Kuni? Nepi? Maziwa huja kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya sana, yanatengenezwa mengi. Mama akiwa kisimani mtoto hanyonyi, na akirudi kachoka, kavurugwa na maneno yako, maziwa hayashuki upesi. Kesho unasikia, "Maziwa ya mama fulani hayatoshi."

Hapo ndipo bibi anapoingia na kikombe cha uji. Kliniki wameshasema: miezi 6 maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Lakini mkeo atamjibuje mama mkwe? Hawezi. Wewe ndiye wa kusema, "Mama, bado mapema, tusubiri." Maneno hayo hayahitaji ziwa.

Kuna wanaojificha nyuma ya kubemenda. "Naogopa kumbemenda mtoto, ndiyo maana silali nyumbani." Msyuu! Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachomwangusha mtoto ni njaa, kuhara, na kuachishwa ziwa kabla ya wakati mimba nyingine inapoingia. Kwa hilo kuna uzazi wa mpango. Nendeni kliniki wawili. Kulala kwa jirani si uzazi wa mpango.

Mwingine akakimbilia mila: "Sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye sauti ni mjomba." Sawa. Mbona kwenye cheti cha kuzaliwa umeandikisha jina lako, hukuandikisha la mjomba?

Na sisi wa swala tano, aya ya 233 ya Al-Baqara tunaijua vizuri pale inapotaja miaka miwili ya kunyonyesha. Tukifika panapomtwika baba chakula na mavazi ya mama, tunakohoa.

Sheria ya kazi ya 2004 inampa baba aliyeajiriwa siku 3 za likizo mtoto akizaliwa. Mama anapata 84. Siku 3 ni chache, nakubali. Ila sisi wakulima hatuna bosi. Likizo tunajipa wenyewe, ufuta ukishauzwa, na yote inaishia kwenye bao.

Nilipofika hapo, yule dogo akarudi na madumu matupu, anafuata mzigo wa pili. Jamaa wa limbwata akampigia ukelele:

"Dogo, foleni kisimani ikoje?"

"Hakuna foleni ya wanaume, kaka. Wote mko hapa."

Jamaa akatazama kete zake, akasimama, akakung'uta suruali. Aliyesonya safari hii ni mpinzani wake peke yake: mchezo alikuwa anaushinda.